“Ndani Mlikuwa Wangapi?” Jioni Gesi Ilipowaka Nyumbani Kwetu

Nimekaa na haya karibu miaka miwili. Naandika leo kwa sababu wiki iliyopita jirani mpya alikuja kuniuliza bei ya mtungi wa gesi, nikajikuta nimemshikilia kwa saa nzima namweleza mambo ambayo hakuyauliza. Alipoondoka nikaona bora niyaweke mahali ambapo na wengine watayapata.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2023, mwezi wa nne, masika yamekolea. Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, vyumba vitatu na jiko dogo lenye mlango wa kutokea uani. Jioni hiyo ndani tulikuwa watu watano: mimi, wanangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa minne, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa amemaliza kidato cha sita anasubiri kujiunga na chuo, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Mume wangu alikuwa kazini Mbagala. Naomba uishike hiyo idadi, watano, maana mimi mwenyewe ilinipotea.

Kama nyumba nyingi, sisi tunatumia mkaa na gesi kwa pamoja. Mbaazi na maharage ni mkaa, vitu vya haraka ni gesi. Jiko la mkaa huwa linakaa uani, lakini siku hiyo mvua ilikuwa haijakata tangu mchana. Nikaliingiza ndani, nikaliweka karibu na mlango wa nyuma na sufuria ya mbaazi juu yake. Dirisha nikalifunga kwa sababu maji yalikuwa yanapiga ndani. Kuwasha mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari peke yake, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Hilo nilikuwa nalijua kabisa. Nililifanya kwa sababu muda wa futari ulikuwa unakaribia.

Saa kumi na mbili kasorobo gesi ikakata, sambusa ziko kwenye mafuta. Nikampigia kijana wa dukani, akaleta mtungi wa kilo 15 kwa bodaboda, akaupokea mdogo wangu, akaanza kufunga ile regulita, kifungio kinachounganisha mtungi na mpira wa jiko. Nikasikia sauti kama ya nyoka, *ssss*, na harufu ikaja hapo hapo. Mdogo wangu akasema, “Dada, inavuja. Nadhani raba ya ndani haipo.”

Nikamjibu, “Ikandamize tu, itakaa. Watu watafuturu saa ngapi?”

Maneno hayo nimeyarudia kichwani usiku mwingi sana. Yule kijana aliona tatizo, akalisema kwa jina lake, na mimi mkubwa wake nikamwambia aendelee. Watu wakisikia habari hii hunipa pole kwa moto. Mimi moyoni najua dharura ilianza pale, dakika mbili kabla ya moto, wakati bado tulikuwa na uwezo wa kuutoa ule mtungi nje, kufungua mlango na dirisha, na kufuturu kwa tende na maji.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, inatambaa sakafuni na kujaa kwenye pembe kama maji yaliyomwagika. Kwa asili haina harufu, ile harufu kali inatiwa makusudi ili pua zituonye. Pua zetu zilituonya. Gesi ikatambaa kama hatua tatu hadi kwenye jiko la mkaa.

Nilichoona ni mwanga wa buluu unaokimbia sakafuni kuelekea kwa mdogo wangu, halafu sauti nzito, *fuu*, kama mtu amekung'uta blanketi kubwa. Yeye alikuwa amechuchumaa. Moto ukamshika miguu kuanzia magotini kushuka chini na mkono wa kulia. Akaruka nje uani kupitia mlango wa nyuma. Ule moto wa sakafuni ukaisha mara moja, lakini shingoni mwa mtungi ukabaki unawaka kwa nguvu, unavuma kama taa ya karabai.

Mimi nilimnyakua mtoto mdogo aliyekuwa sebuleni nikatoka mlango wa mbele. Hadi hapo si vibaya. Baada ya hapo akili yangu ilizima.

Nilikuwa napiga kelele njiani, kwenye mvua, kwamba mwanangu mkubwa kaungua, mwanangu yuko ndani. Majirani wakatoka. Watu wakaanza kukimbia huku na huku, kila mmoja akipiga kelele kwa sababu mimi napiga kelele. Na mtoto huyo niliyekuwa namlilia alikuwa nyuma yangu, ameshika dera langu kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka na mimi. Baadaye aliniambia, “Mama, mimi nilikuwa nakuita.” Sikumsikia. Sikuhisi hata dera kuvutwa.

Jirani yetu ni bibi mmoja anayeuza vitumbua asubuhi. Ndiye aliyekuja akanishika viganja vyote viwili, kwa nguvu, akaweka uso wake mbele ya uso wangu hadi nikawa sioni kitu kingine. Hakuniambia nitulie. Aliniuliza swali: “Mwanangu, nitazame mimi. Ndani mlikuwa wangapi?”

Nikasema watano. Akakifungua kiganja changu, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. “Wewe huyu hapa.” Akakunja. “Huyu mdogo unaye mkononi.” Akakunja. “Huyu mkubwa yuko nyuma yako, geuka umwone.” Nikageuka, nikamwona. Akakunja. “Kijana wako yuko uani, nimemwona.” Akakunja. Kikabaki kidole gumba kimesimama peke yake, na mvua inakidondokea.

“Mama mkwe,” nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana.

Mama mkwe alikuwa chumba cha mbele, kwenye mswala, anasubiri adhana. Haoni vizuri. Alikuwa amesikia mayowe, akasikia naita “Mama! Mama!”, akadhani tumeingiliwa na wezi, akajifungia mlango kwa komeo. Kijana mmoja wa bodaboda alijitanda kanga iliyolowa maji, akaingia, akamgongea na kumbembeleza kama dakika nzima hadi akafungua. Alitoka akiwa mzima, anakohoa tu. Moto haukuwa umefika upande ule. Ungefika, yule bibi wa vitumbua ndiye angekuwa amemwokoa, na mimi ningekuwa nimemfungia mlango kwa mayowe yangu.

Na yule “Mama” niliyekuwa namwita hakuwa mama mkwe. Nilikuwa namwita mama yangu mzazi, aliyefariki mwaka 2014.

Miezi michache baadaye nilikwenda kwenye mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza, na mwalimu akanieleza kilichonipata bila kunilaumu. Mwili ukishtuka unamwaga adrenalini. Moyo unakimbia, damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa ili ukimbie au upigane, macho yanaona mbele tu kama mtu anayechungulia kupitia bomba, masikio yanaziba. Vidole vinapoteza ufundi wake. Ndiyo maana nilishindwa kuchora alama ya kufungulia simu yangu mwenyewe, ninayoifungua mara mia kwa siku. Sikujua kwamba simu iliyofungwa bado inakuruhusu kupiga namba ya dharura bila nywila, pale pale kwenye kioo. Ukimaliza kusoma, jaribu kuitazama simu yako uone hicho kitufe kiko wapi, lakini usikibonyeze.

Alitufundisha pia pumzi. Vuta kwa pua, halafu itoe kwa mdomo taratibu, muda mrefu kuliko ulioingizia. Mara tatu. Ule utoaji mrefu ndio unaopunguza kasi ya moyo. Inachukua sekunde kumi na tano hivi. Nilimuuliza, nani ana sekunde kumi na tano nyumba ikiwaka? Akaniuliza, ulikaa dakika ngapi barabarani unapiga kelele? Nilinyamaza.

Narudi kwenye moto. Wakati wote huo mtungi bado unavuma jikoni. Vijana walikuwa wamejazana mlango wa nyuma, wengine wameinua simu wanarekodi, hatua nne tano kutoka kwenye moto. Ghafla mzee mmoja akapiga kelele moja tu: “Msamvu hiyo! Rudini nyuma!” Mtu yeyote Tanzania anajua maana yake. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka, na waliokufa walizidi 100. Neno hilo moja lilifanya kazi ambayo mayowe yangu yote hayakuifanya. Watu walirudi nyuma hadi ukutani.

Tuna fundi wa kuchomelea vyuma mtaani, mtu mzima, kazi yake ni mitungi na moto kila siku. Alifika anatembea. Hakukimbia, na nakumbuka nilimkasirikia kwa kutokukimbia. Alikuwa anaongea peke yake kwa sauti, kama mtu anayemwelekeza mwanafunzi: “Naomba gunia. Liloweshe. Lilowe lote. Mlango wa mbele uko wazi? Vizuri. Naenda chini. Mkono wa kulia unashika, wa kushoto unakinga.” Akainama, akaingia huku amejikinga na lile gunia linalochuruzika, akalitupia shingoni mwa mtungi, akaichomoa regulita. Ilivyochomoka tu, vali ya mtungi ikajifunga yenyewe, moto ukafa. Alisimama pale akasikiliza kama bado kuna mvujo, kisha akaubeba mtungi wima, kwa uangalifu, akauweka katikati ya uwanja kwenye mvua. Akamwagia maji jiko la mkaa. Akafungua dirisha. Mtu mmoja akanyoosha mkono kuwasha taa ya jikoni ili tuone uharibifu, fundi akamkatalia: swichi inatoa cheche, na hatujui pembeni kumebaki nini.

Sikuelezi haya ili ukaige. Yeye mwenyewe alinionya baadaye kwamba aliingia kwa sababu moto ulikuwa mdogo, uko sehemu moja, mlango uko wazi nyuma yake, na anaijua vali. Kimoja kati ya hivyo kingekosekana angetutoa wote hadi mwisho wa mtaa na kusubiri zimamoto. Na moto wa gesi hauzimwi kwa kupuliziwa au kumwagiwa ovyo kama huwezi kufunga inakotoka, kwa sababu moto utakufa lakini gesi itaendelea kujaa, na ikipata cheche nyingine ndipo inalipuka. Nilimuuliza mbona alikuwa anaongea peke yake. Akasema, “Dada yangu, hofu ikiingia mikono inasahau. Ila mdomo ukisema, mikono inafuata.” Nimeijaribu tangu hapo, hata nikipitisha gari kwenye maji mengi, na inanisaidia kuliko kitu chochote nilichofundishwa.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, bure. Hakuna aliyeipiga kwa zaidi ya dakika kumi. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini pale na kila mtu aliamini mwenzake ameshapiga. Mimi nilipopewa simu na jirani nilimpigia mume wangu. Nikasema, “Njoo, nyumba inaungua,” nikakata. Yeye yuko Mbagala, foleni, mvua. Alipiga mara saba, sikupokea. Aliniambia alipanda bodaboda na kumwamuru dereva akanyage, wakaponea chupuchupu kugongwa na lori. Ningeweza kubaki mjane kwa sentensi ile moja. Sasa tumekubaliana nyumbani: kwanza anapigiwa anayeweza kusaidia, ndugu baadaye, na ndugu anaambiwa mambo matatu, nani yuko salama, tunaelekea wapi, na yeye afanye nini. Pia ukitaka mtu apige simu, usiuambie umati. Mwelekezee kidole mmoja: “Wewe kaka mwenye jezi ya kijani, piga 114, sema uko mtaa gani, karibu na msikiti upi, halafu rudi uniambie wamesemaje.” Mtu aliyenyooshewa kidole huwa anakwenda. Zimamoto walipopigiwa walikuja, wakakagua mtungi, wakatupa maelekezo mazuri. Kuchelewa kulikuwa kwetu.

Nawaza mara nyingi ile ndege iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndani walikuwa watu 43, wakanusurika 24, na waliowahi kufika ni wavuvi wenye mitumbwi yao. Dakika za mwanzo ni za aliye karibu. Kwetu aliye karibu alikuwa muuza vitumbua na fundi wa kuchomelea. Ningefurahi siku nyingine akawa mimi.

Sehemu inayoniuma zaidi ni hii ya mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uani, anatetemeka, ngozi ya miguu imeanza kunyanyuka. Akina mama walikuwa wamemzunguka kwa upendo mkubwa. Mmoja ameleta dawa ya meno. Mwingine anavunja mayai. Mtu ametumwa kwenda kutafuta manyoya ya sungura na asali. Mimi nikifika naulizwa, “Tumpake?” nami naitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, mpakeni. Akapakwa dawa ya meno miguu yote miwili na ute wa yai mkononi.

Kituo cha afya tulichofika, muuguzi aliangalia, akavuta pumzi, akaanza kuosha. Ilibidi aondoe vyote ndipo aone kidonda. Mdogo wangu hakulia wakati wa moto. Alilia pale, mtu mzima wa miaka ishirini, ameng'ata ukingo wa shati lake. Muuguzi akasema bila ukali wowote, “Mngemwagia maji ya kawaida tu, yanayotiririka, dakika ishirini. Hayo tu.”

Bomba lilikuwa nyuma ya ile ndoo aliyokalia. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Kwa hiyo nakuomba ulikariri hili hata kama mengine yote utayasahau. Mtu akiungua, mtoe kwenye moto, mvue pete, saa na nguo za sehemu ile kabla hajavimba, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi, hiyo iache. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili ukitazama saa, hata akisema maumivu yamepoa. Ukichelewa kuanza bado anza, maji yanasaidia hata ndani ya saa tatu za mwanzo. Barafu hapana. Malengelenge usiyapasue. Sehemu nyingine ya mwili ifunike apate joto, hasa akiwa mtoto. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au ile nailoni nyembamba ya kufungia chakula, umpeleke hospitali. Akiwa ameungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kwenye maungio, usibaki nyumbani kuangalia kama kitapona.

Gharama nitazisema kama zilivyokuwa. Usiku wa kwanza, dawa, dripu na sindano ya pepopunda, laki moja na themanini. Kubadilisha bandeji kila baada ya siku moja au mbili kwa wiki tano, ukijumlisha dawa ya kupaka na nauli za bajaji kwa sababu daladala hakuweza kupanda, ilifika kama laki tano na nusu. Bima yetu ilimhusu mume wangu, mimi na watoto. Mdogo wangu hakuwemo. Nilikopa laki nne kwenye vikoba, nikalipa kwa miezi minane. Jiko la plati mbili liliharibika, pazia na kabati la vyombo viliungua, mwenye nyumba akatutaka tupake rangi upya. Ukweli ni kwamba raba ya mtungi haifiki hata bei ya chupa ya soda.

Gharama nyingine haina risiti. Mwanangu mkubwa alikojoa kitandani miezi miwili. Mume wangu hakunilaumu kwa maneno, lakini alikaa siku kadhaa hawezi kuniangalia, na siku tulipokuja kuzungumza tulilia wote. Mimi nilikuwa naamka saa nane za usiku kwenda kunusa jikoni. Nilidhani ni wendawazimu, nikaona aibu kusema. Yule bibi wa vitumbua ndiye aliyeniambia kwamba hata yeye, tangu nyumba yao iungue akiwa msichana, huwa hawezi kulala bila kuhesabu watu. Kumbe swali lile hakulibuni siku ile. Alikuwa nalo miaka hamsini.

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu utulivu. Nilikuwa naamini kuna watu wamezaliwa nao na mimi si mmoja wao. Lakini bibi alikuwa na swali lake tayari, fundi alikuwa na mikono iliyozoea, na mzee wa Msamvu alikuwa na neno. Kila mmoja aliingia kwenye dharura na kitu alichokuwa amekiandaa zamani. Mimi niliingia mikono mitupu, nikaishia kumwita marehemu.

Kwa hiyo tukaanza kuandaa. Mtungi sasa uko nje, kwenye kijumba cha matofali chenye matundu chini, mpira unapita ukutani. Kila mtungi mpya tunautazama raba kabla kijana wa bodaboda hajaondoka, na asipokuwa na raba anarudi nao. Tukishafunga tunapaka povu la sabuni kwenye maungio, povu likipanda na kutoa viputo kuna mvujo, na hatujaribu kwa kiberiti kamwe. Mpira nao tunaukagua nyufa. Namba 114 imeandikwa kwa kalamu nene ya wino mweusi ukutani, juu ya swichi ya sebuleni, na chini yake maelezo ya kufika kwetu, kwa sababu ukiwa na hofu hata mtaa wako unakutoka. Mlioko Kenya andikeni 999 au 112.

Na watoto tumewafundisha kwa mchezo. Jumamosi moja kila mwezi napiga sufuria na kusema “Moto!” Siyo “Mama”, siyo mayowe matupu, neno lenyewe, ili anayesikia chumbani ajue anatakiwa kutoka na asijifungie. Kila mtu anakwenda kwenye mwarobaini wa jirani bila kuchukua kitu, na mdogo kuliko wote ndiye anayehesabu.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Naliunga mkono kwa moyo wote, nimepuliza mkaa na kuni za kutosha maishani, najua moshi unavyokula macho na vifua vya akina mama. Ila natamani kila mtungi unaouzwa kwa mara ya kwanza uambatane na dakika kumi za mafunzo: raba, povu, dirisha, 114. Mwenye duka akikosa kuyasema hayo, mnunuzi ayaulize.

Mwaka jana mwezi wa tisa tulikuwa kwenye shughuli ya harusi, wapishi tupo nyuma ya nyumba, karai kubwa la mafuta likashika moto. Dada mmoja akashika ndoo ya maji. Nilihisi kila kitu kile kile, moyo, masikio kuziba. Nikatoa pumzi moja ndefu. Nikajisikia nasema kwa sauti, “Maji hapana. Nataka sinia.” Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanazama, yanachemka ghafla na kuyarusha mafuta ya moto juu ya kila mtu. “Wewe dada wa kitenge cha njano, weka ndoo chini. Naweka sinia kuanzia upande wangu.” Nikalisukuma sinia juu ya karai, nikazivuta kuni kwa mwiko, tukaacha limefunikwa hadi likapoa kabisa. Kisha miguu ikaisha nguvu, nikakaa chini kwenye mkeka nikalia kama robo saa, wakanipepea. Sikufa ganzi, lakini nilitetemeka baada ya kazi badala ya kabla yake.

Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili. Mguu wa kushoto una kovu linalovuta akichuchumaa. Alikaa muda mrefu haingii jikoni kwetu, akija anakula sebuleni, na mimi sikuwahi kumwomba. Mwezi uliopita gesi ilikata akiwa nyumbani. Nilikuwa natafuta simu nimwite fundi, nikamwona amesimama mlangoni, amekunja mikono ya shati.

“Dada,” akasema, “raba nimeiona, ipo. Nipe sabuni.”

Nikampa kikombe cha povu. Akachuchumaa kwa shida, akafunga, akapaka kwa kidole kile chenye ngozi mpya. Tukainama wote wawili tukalitazama lile povu, kimya, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halikupanda.